Programu ya Fomu kwa Hifadhidata ya Pamoja: Ipi Iifae SACCOS Yenu?

SACCOS nyingi hutunza daftari la wanachama katika faili moja la Excel, na shida huanza siku makarani wawili wanapolihitaji kwa wakati mmoja. Hapo hutafutwa hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu linaloweza kutumiwa na wengi kwa pamoja, na anayeichagua huwa ni fundi, ilhali atakayeshinda nayo kutwa ni karani. Kwa hiyo nimezipanga programu za kuiendesha kwa kumtazama karani aliyekaa dirishani huku foleni ikimsubiri.

Ninayoitanguliza ni Baserow, ikiwa imesakinishwa kwenye seva ndogo ya ofisini. Karani huifungua kwa kivinjari, na akirekebisha namba ya simu ya mwanachama, mwenzake wa meza ya pili huiona ikibadilika papo hapo. Toleo la kusakinisha wenyewe linapatikana bila ada, na kwa kuwa seva iko ofisini, intaneti ikikatika kazi haisimami. Ruhusa za kina, yaani nani abadilishe na nani atazame tu, ziko katika toleo la kulipia. Ulizeni bei yake kabla ya kuingiza jina la kwanza.

Ya pili ni Microsoft Access, iwapo kompyuta zote ni za Windows. Kwa fomu, sijaona inayoizidi: jina la mwanachama huchaguliwa kwenye orodha, tarehe hujijaza, na kiasi kilichoandikwa kwa herufi hukataliwa. Nunueni leseni ya mtengenezaji wa fomu. Wengine watatumia Access Runtime, toleo la kutumia fomu bila kuzitengeneza, ambalo ni la bure. Msikubali kamwe faili lote likae kwenye folda ya pamoja. Katika ofisi moja niliyoisaidia, umeme ulikatika karani akiwa anahifadhi, faili likaharibika, na michango ya wiki nzima ikaandikwa upya kutoka kwenye vishina vya stakabadhi. Majedwali yakae kwenye seva ya MariaDB, programu ya bure ya hifadhidata, na Access ibaki na fomu tu; kwa njia hiyo mtakuwa mmekwepa pia kikomo chake cha GB 2 kwa faili.

LibreOffice Base ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye Linux, lakini nayo huhitaji seva watumiaji wakiwa wengi, na kutengeneza fomu nzuri ndani yake ni kazi ya subira.

Airtable, hifadhidata ya mtandaoni, inapendeza machoni, ila hutegemea intaneti, na mipango yake ya kulipia hutozwa kwa dola kwa kila mtumiaji.

phpMyAdmin, zana ya kusimamia MariaDB kwa kivinjari, mwachieni fundi, kwa sababu ndani yake kiungo cha kufuta jedwali zima kimepangwa mstari mmoja na kile cha kulitazama.