Miaka Miwili na Behringer X32: Kuifuata Sauti Kutoka Maiki Hadi Spika

Usharika wetu mjini Iringa una kwaya tatu, na Jumapili yenye ibada kubwa wote hupanda jukwaani kwa zamu: waimbaji zaidi ya 40 wa kwaya kuu, kinanda, gita la solo, gita la besi, dramu, na baada yao mhubiri na maiki yake. Kwa miaka mingi nilihudumu kama fundi mitambo nikitumia miksa (mtambo wa kuchanganya sauti) ya analogi ya chaneli 16, na ilipofika hatua ya kuchomoa maiki za kwaya moja ili kuchomeka za nyingine katikati ya ibada, wazee wa kanisa walikubali kwamba chombo kimezidiwa. Tukanunua Behringer X32, miksa ya dijitali, iliyokwisha kutumika, pamoja na kisanduku chake cha jukwaani kiitwacho S16. Nimeitumia kila juma kwa miaka miwili sasa, na ninaandika uzoefu huu kwa ajili ya mafundi wenzangu ambao usharika, msikiti, ukumbi au bendi yao inafikiria kuhama kutoka analogi kwenda dijitali.

Kuhusu ubora wa sauti sitasema mengi, kwa sababu hapo sina shaka. Nyuma ya miksa kuna matundu 32 ya maiki, na vikuzaji vya mwanzo vya sauti katika matundu hayo vilisanifiwa na Midas, kampuni ya Uingereza yenye heshima kubwa katika mitambo ya matamasha, ambayo ilinunuliwa na wamiliki wa Behringer mwaka 2009. Sauti ya alto wetu, ambayo katika mtambo wa zamani ilikuwa ikimezwa na kinanda, ilisikika vizuri tangu Jumapili ya kwanza. Jambo ambalo nataka kulieleza kwa kirefu ni lingine, nalo ndilo lililonisumbua miezi mitatu ya mwanzo: njia ambayo sauti hupita ndani ya chombo hiki.

Katika miksa ya analogi, tundu na chaneli ni kitu kimoja. Ukichomeka maiki katika tundu la 5, sauti itapanda katika safu ya 5, itapita kwenye geini (kifundo cha kukuza sauti inapoingia), kisha ikwalaiza (ya kurekebisha sauti nzito na nyembamba), kisha feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), na macho yako yanaweza kuifuata kutoka juu hadi chini kama maji katika mfereji. Kwenye X32 uhusiano huo umekatwa. Tundu ni mlango wa kuingilia tu, na chaneli ni chumba cha kufanyia kazi. Mlango gani unaelekea chumba gani ni jambo unalolipanga wewe mwenyewe. Mtu asipolielewa hilo, kila kitu kingine kitamchanganya hata akiwa na uzoefu wa miaka ishirini.

Nililielewa siku ya kwanza ya kutumia kile kisanduku cha jukwaani. S16 ina matundu 16 ya kuingiza sauti na 8 ya kutoa, nayo huungana na miksa kwa kebo moja tu ya mtandao, badala ya ule mkonga mzito wa nyaya tuliokuwa tukiuburuta ukumbini. Tulichomeka maiki za kwaya kwenye kisanduku, taa ya muunganisho ikawaka kijani, kila kitu kikaonekana sawa. Nikapandisha feda ya chaneli ya 1. Kimya. Nikaongeza geini mpaka mwisho, nikawasha umeme wa volti 48 ambao baadhi ya maiki huuhitaji, nikabadilisha maiki, nikabadilisha kebo ya maiki. Kimya kilekile, na vijana wa kwaya wakiwa wamesimama jukwaani wakinitazama. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kisanduku ni kibovu.

Kisanduku kilikuwa kizima. Miksa ilikuwa bado inasikiliza matundu ya nyuma yake yenyewe, ambamo hapakuwa na kitu chochote. Ukibonyeza kitufe cha ROUTING, skrini huonyesha kwamba milango hupangwa kwa mafungu ya nane nane: fungu la kwanza ni 1 hadi 8, la pili 9 hadi 16, na kuendelea hadi 32. Kila fungu huambiwa lichukue sauti kutoka wapi: matundu ya nyuma ya miksa, kisanduku cha jukwaani kupitia njia ya AES50 A au B (ndiyo inayotumia ile kebo ya mtandao), au kompyuta iliyounganishwa kwa kebo ya USB. Nilipobadilisha fungu la kwanza na la pili kutoka matundu ya nyuma kwenda AES50 A, matundu yote 16 yalifunguka kwa mpigo, na ukumbi mzima ulipigwa mluzi ambao sitausahau. Tangu siku hiyo sigusi ukurasa huo kabla ya kushusha feda kuu na geini zote.

Mpangilio huo wa mafungu ya nane nane unahitaji kuzoewa, maana hauwezi kuchukua tundu moja la kisandukuni na saba za nyuma ya miksa ndani ya fungu moja kwa njia hiyo ya kawaida. Programu ya toleo la 4 iliongeza njia ya kupanga tundu moja moja, na anayenunua miksa iliyotumika ahakikishe kwanza kwamba imesasishwa. Lakini utengano huu wa mlango na chumba, ambao mwanzoni niliuona kama mzigo, sasa ndio ninaoupenda kuliko vyote. Maiki ya mhubiri, kwa mfano, nimeielekeza katika chaneli mbili. Ya kwanza inakwenda kwenye spika za ukumbini, na humo nimekata masafa yanayopiga mluzi kwa ukali kiasi. Ya pili inakwenda kwenye kurekodi tu, ambako hakuna mluzi wa kuogopwa, hivyo sauti yake nimeiacha na uzito wake wa asili. Mahubiri moja, maiki moja, matengenezo mawili tofauti. Kumbuka tu kwamba geini ni moja, kwa sababu iko mlangoni. Ukiigusa kwa ajili ya chaneli moja umeigusa kwa zote mbili.

Ukishapita mlangoni, safari ndani ya chaneli ni rahisi kuifuata, na hapa waliosanifu paneli walimfikiria mtumiaji. Ukibonyeza kitufe cha SELECT juu ya feda yoyote, vifundo vyote vya sehemu ya juu hugeuka kuwa vya chaneli hiyo, na vimepangwa kwa makundi yanayofuata safari yenyewe: geini na kichujio cha sauti nzito, kisha geti (hufunga chaneli sauti ikiwa ndogo), kisha kompresa (hubana sauti ikiwa kubwa), kisha ikwalaiza yenye bendi nne, kisha vifundo vya kupeleka sauti kwenye mabasi, na mwisho njia ya kwenda kwenye spika kuu. Geini huanzia desibeli 12 chini ya sifuri hadi 60 juu. Mimi huipanga mwimbaji anapoimba kwa nguvu zake za ibada, wala si kwa kuhesabu "moja, mbili" kwa sauti ya unyenyekevu, na hulenga kipimo kicheze karibu na alama ya 18 chini ya sifuri. Katika dijitali, sauti ikigonga sifuri hupasuka mara moja, haina ule ukingo laini tuliouzoea kwenye analogi.

Sasa nije kwenye mabasi, maana hapa ndipo nimeona mafundi wengi wakipotea. Basi katika miksa hufanya kazi ileile ya basi la barabarani: hupakia abiria kutoka vituo mbalimbali na kuwashusha mahali pamoja. X32 ina mabasi 16, mbali na lile kuu la spika za ukumbini. Basi la 1 kwetu huenda monita (spika ya jukwaani ya kujisikilizia) ya mwalimu wa kwaya, la 2 monita ya waimbaji, la 3 kwa mpiga kinanda, la 4 kwa mpiga dramu. Kwa mpangilio wa kiwandani, mabasi ya 13 hadi 16 hupeleka sauti kwenye mitambo ya ndani ya mwangwi na mingineyo. Kila chaneli inaweza kupanda mabasi yote kwa wakati mmoja, kila moja kwa kiwango chake.

Swali la maana ni hili: abiria hupandia wapi, kabla ya feda au baada ya feda? Wiki ya tatu nilipanga monita ya mwalimu wa kwaya ipokee sauti baada ya feda, bila kujua. Wimbo ulipofika mahali pa utulivu, nilishusha feda ya kinanda ili waimbaji wasikike, na papo hapo nikamwona mwalimu akigeuka kumtafuta mpiga kinanda kwa macho, mkono mmoja ukiwa bado unaongoza. Kwaya ikaanza kushuka sauti, kila safu kwa kiasi chake. Baada ya ibada alinifuata mezani na kuniambia kwa upole, "Kaka, kinanda kilitukimbia." Kosa lilikuwa langu. Kila nilipokuwa nikirekebisha sauti ya waumini, nilikuwa naibadilisha na ya jukwaani. Monita zichukue sauti kabla ya feda, ili wanaoimba wabaki na kile walichokizoea wakati wa mazoezi hata mimi nikihangaika huku chini. Mwangwi uchukue baada ya feda, ili ukimshusha mwimbaji na mwangwi wake ushuke naye. Vinginevyo atabaki mzimu wake peke yake ukielea ukumbini.

Kitufe kiitwacho SENDS ON FADER ndicho kinachoharakisha kazi hii kuliko vyote. Unachagua basi, unabonyeza kitufe hicho, na feda za chaneli hukimbia zenyewe kwa mota kuonyesha kiwango cha kila chaneli ndani ya basi hilo. Ndani ya dakika mbili monita ya mtu imepangwa. Hatari yake ni kusahau kukizima: unamwona mhubiri hasikiki, unapandisha feda yake, kumbe unapandisha monita ya mpiga dramu, na ukumbi unabaki bila kitu. Nimejizoesha kutazama taa ya kitufe hicho kabla ya kugusa feda yoyote, kama dereva anavyotazama kioo.

Upande wa kulia kuna feda 8 zinazoweza kusimamia DCA, na wengi huzichanganya na makundi ya sauti. DCA haibebi sauti hata kidogo, hubeba amri. Nikiziweka maiki zote sita za kwaya chini ya DCA ya kwanza, kuishusha ni sawa na kuwa na mikono sita inayoshusha feda sita kwa pamoja, na uwiano wa soprano na besi unabaki ulivyokuwa. Kwa kuwa sauti haipiti humo, huwezi kuitia kompresa wala ikwalaiza. Ukitaka kuibana kwaya nzima kwa kompresa moja, lazima uipakie kwenye basi lililopangwa kama kundi, kisha basi hilo ndilo liende kwenye spika kuu. Hapo usisahau kuzitoa chaneli hizo katika njia yao ya moja kwa moja, la sivyo kwaya itafika kwa njia mbili na hutaelewa kwa nini kompresa haionekani kufanya kazi.

Upande wa kutokea hauna mambo mengi. Milango ya kutoka nayo hupangwa kama ya kuingilia, na kwa mpangilio wa kiwandani spika kuu hutoka tundu la 15 na la 16, jambo linalowashangaza wanaotafuta tundu lililoandikwa kuwa ndilo kuu.

Kila kwaya yetu sasa ina mpangilio wake uliohifadhiwa, nami huuita kwa kubonyeza mara mbili wanapobadilishana jukwaani. Mpangilio ukiitwa hurudisha hata geini, kwa hiyo chaneli ya mhubiri nimeikinga isiguswe na mabadiliko hayo. Nakala zote nimeziweka kwenye flashi inayokaa kwenye droo ya vestri.

Niseme wazi juu ya umeme. Miksa ya analogi hurudi mara tu umeme unaporudi. Hii ni kompyuta, nayo huhitaji muda kuamka, na muda huo katikati ya wimbo ni mrefu mno. Marekebisho ya dakika ya mwisho yanaweza pia kupotea ikizimwa ghafla, ndiyo maana kuna amri ya kuizima kwa utaratibu katika ukurasa wa SETUP. Anayeinunua katika maeneo yetu aingize katika bajeti ileile kifaa cha kuhifadhi umeme, cha miksa na cha kisanduku cha jukwaani pia, kwa sababu miksa iliyo hai haina faida ikiwa matundu ya jukwaani yamelala.

Kwa usharika wenye maiki nne na kinanda kimoja, nisingeipendekeza. Miksa ndogo ya analogi itawahudumia vyema na kila mhudumu ataielewa. Kwa wenye kwaya nyingi, bendi, na hamu ya kurekodi, ningeinunua tena kesho. Lakini siku itakapofika mezani, kabla ya kuchomeka chochote, chukueni karatasi na muandike safu nne: tundu, chaneli, mabasi inayopanda, na tundu la kutokea. Yetu nimeibandika ndani ya mfuniko wa kasha, na binti wa kidato cha tatu ninayemfundisha huipitia kwa kidole kila Jumapili asubuhi, mstari kwa mstari, kabla hajaniruhusu kuwasha amplifaya.