Biti za Bei Nafuu za Kutobolea Bodi za Saketi: Zipi za Kununua Ukiwa Mombasa

Anayejitengenezea bodi za saketi nyumbani hupiga hesabu ya bodi yenyewe, ya asidi ya kulia shaba na ya waya wa lehemu, kisha akaisahau biti ya kutobolea, ambayo ndiyo inayokatika, ndiyo inayokuwa butu, na ndiyo inayomrudisha dukani katikati ya kazi. Mwongozo huu unazipanga biti anazoweza kuzipata mnunuzi aliyeko Mombasa, kuanzia ile inayostahili pesa zake hadi ile ambayo ni heri aiache rafuni. Kipimo ni kimoja tu: gharama ya kila tundu lililotoka safi, wala si bei iliyoandikwa kwenye pakiti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme biti ya chuma cha pua inauzwa shilingi 60 na inatoboa matundu 40 ya bodi ya faibaglasi kabla ya kuwa butu, ilhali biti ya kabaidi, yaani mchanganyiko mgumu wa tangisteni na kaboni, inauzwa shilingi 120 na inatoboa matundu 1,000. Ile ya kwanza inakugharimu shilingi moja na nusu kwa kila tundu, na ya pili senti 12. Lakini ile ya kabaidi ikikatika kwenye tundu la tano kwa sababu mkono ulitikisika, kila tundu limekula shilingi 24, na hapo anayesifu kabaidi mbele yako atakuwa amekuponza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajue mambo mawili: bodi yake ni ya aina gani, na biti yake itashikwa na nini.

Bodi zinazouzwa kwa wanaojitengenezea ni za aina mbili kuu. Ipo ya kahawia, iliyotengenezwa kwa karatasi iliyoloweshwa gundi ya fenoli, ambayo huitwa FR-2. Hii ni laini na haidhuru sana makali ya biti. Ipo pia FR-4, yenye rangi ya kijani kibichi kilichofifia au manjano hafifu, ambayo ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi. Kioo ndicho kinachokula makali. Biti ya chuma cha pua ikipita kwenye FR-4 hupoteza kona zake za kukatia mapema mno, na dalili yake utaiona upande wa shaba: badala ya tundu lenye ukingo bapa, shaba inainuka kuzunguka tundu, na wakati mwingine kiduara chote cha kulehemu kinabanduka.

Kuhusu mashine, kabaidi ni ngumu sana lakini haipindi hata kidogo. Ikisukumwa kwa ubavu, inakatika papo hapo bila kukuonya. Inahitaji drili ndogo iliyofungwa kwenye stendi, ishuke wima na kupanda wima. Inahitaji pia kasi. Biti ya milimita 0.8 ikizungushwa mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake husafiri mita saba na nusu tu kwa dakika, na kwa mara 20,000 hufikia mita 50 hivi, ambapo kabaidi huanza kukata badala ya kukwaruza. Viwandani huzungushwa zaidi ya hapo, mara 60,000 hadi 200,000 kwa dakika. Drili ya kutobolea ukuta haifai hata ukiiwekea stendi: ni nzito, ni ya polepole, na taya zake za milimita 13 kwa kawaida hazibani kitu chembamba kuliko milimita 1.5.

Daraja la kwanza, kwa mwenye stendi, nazipa biti za kabaidi zilizonolewa upya, zenye shina la milimita 3.175, zinazouzwa kwa pakiti ya kipimo kimoja. Biti hizi hutoka katika viwanda vya bodi. Huko kila biti hupewa idadi ya matundu, kwa kawaida maelfu kadhaa, kisha hutolewa kwenye mashine hata kama bado inakata, kwa kuwa kiwanda hakiwezi kuhatarisha bodi nzima kwa ajili ya ncha iliyochoka. Hunolewa, hufungwa upya kwenye visanduku vya plastiki na kuuzwa kwa bei ya chini. Kwa mtu anayetoboa bodi moja jioni baada ya kazi, uhai uliobaki ndani ya biti hiyo ni mwingi kuliko atakavyoweza kuumaliza, isipokuwa aiangushe sakafuni.

Shina la milimita 3.175, yaani sehemu ya nane ya inchi, ndilo linaloifanya ifae hapa petu, kwa sababu drili ndogo za mkono za aina ya Dremel na nyingi zinazoiga muundo wake huja na koleti, yaani kibanio kidogo cha mviringo, inayobana shina hilo bila kiunganishi chochote. Kila kiunganishi huongeza myumbo, na myumbo huchangia sana kukatika kwa kabaidi. Zile drili ndogo za volti 12 zenye seti ya koleti za shaba ya njano, ambazo huuzwa kwa bei ya kutupa, nyingi huyumba kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukiwa na ya namna hiyo, iwashe dukani ikiwa imebana biti na uitazame ncha kutoka ubavuni: ikionekana nene kuliko ilivyokuwa imesimama, usiitumie kwa kabaidi.

Biti iliyonolewa upya yataka jicho. Ichukue moja, ielekeze ncha kwenye kamera ya simu iliyokuzwa, au tumia kioo cha fundi saa. Utaona makali mawili yanayokutana katikati, kila moja likiwa na uso uliosagwa ukang'aa. Yakiwa sawa kwa urefu na kona zake mbili za nje ni kali, ni nzuri. Kona moja ikiwa imemeguka, au makali mawili yakikutana pembeni badala ya katikati, itatoboa tundu pana kuliko kipimo chake na itapinda kabla ya kuzama. Ufupi kidogo wa sehemu yenye mifereji usikutishe, kwani ndiyo alama ya kunolewa, na biti fupi haikatiki upesi kama ndefu. Sumaku isikudanganye pia. Wapo wanaosema kabaidi haishiki sumaku, hivyo kinachonasa ni chuma tupu. Ukweli ni kwamba kabaidi ya tangisteni hushikanishwa kwa kobalti, nayo hunasa kidogo, na tena baadhi ya biti halali zina ncha ya kabaidi iliyotiwa kwenye shina la chuma cha pua. Uzito husema zaidi. Kabaidi ina uzito wa karibu mara mbili ya chuma cha pua kwa ujazo uleule, hivyo biti nzima ya kabaidi yenye urefu wa kawaida wa milimita 38 inakaribia au kupita gramu tatu. Mwenye jirani sonara anaweza kuomba mizani yake kwa dakika mbili.

Biti mpya za kabaidi nazipa daraja la pili, na sababu ni bei tu. Anayetumia mashine ya kompyuta inayoshusha drili yenyewe ana haki ya kuzinunua, kwa kuwa zote zina urefu sawa na hatalazimika kupima upya kila anapobadilisha. Wengine wataongeza pesa bila kuona tofauti kwenye tundu.

Daraja la tatu ni biti nyembamba za chuma cha pua zilizogongwa alama ya HSS, yaani chuma cha kukatia kwa kasi, na kwa asiye na stendi hizi hupanda hadi la kwanza. Hupinda kidogo kabla ya kukatika, hivyo husamehe mkono unaotetemeka, na zinafaa kabisa kwa bodi za kahawia. Kwenye FR-4 zichukulie kama sabuni, kitu cha kuisha, na ununue tano au sita za kipimo kimoja kwa mara moja. Zenye shina nene ni bora kuliko zile ambazo shina na ncha vina wembamba mmoja, kwa sababu drili nyingi hazina taya za kubana milimita 0.8. Tatizo lake hapa pwani ni chumvi ya hewani. HSS iliyoachwa wazi kwenye meza karibu na dirisha huota kutu, na biti nyembamba yenye kutu haifai tena, kwa kuwa kutu hukwama kwenye mifereji na uchafu haupandi. Ipake mafuta ya cherehani na uifunge kwenye kichupa.

Seti ya biti kumi za kabaidi, kuanzia milimita 0.3 hadi 1.2 moja moja, ndiyo inayotangazwa kila mahali, nami naiweka ya nne ingawa biti zenyewe huwa nzuri. Hebu tazama unachonunua. Zile za 0.3, 0.4 na 0.5 hutazipatia kazi kwenye bodi ya nyumbani, na huenda zikakatika kwa kuguswa tu wakati wa kuzifunga. Ile ya 0.8, ambayo utaitumia kwa matundu mengi ya kila bodi, ipo moja peke yake. Siku itakapokatika utakuwa na biti tisa na kazi imesimama.

Nafasi ya mwisho nazigawia seti kubwa za rangi ya dhahabu zinazoanzia milimita 1, pamoja na biti za kobalti, yaani HSS iliyochanganywa na kobalti. Rangi hiyo mara nyingi ni utando mwembamba uliopakwa juu ya chuma cha kawaida, na katika seti ya biti 50 utakayoitumia ni ile ya milimita 1 pekee. Za kobalti ni imara kweli, lakini ustadi wake ni kustahimili joto kwenye vyuma vigumu. Mbele ya nyuzi za kioo hazirudishi pesa ulizoongeza. Mafundi wa redio wenye umri wanajua pia kusaga sindano ya cherehani ikawa kijembe cha kutobolea, na kwa tundu mbili tatu za haraka hakuna ubaya.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi hununua wasichokihitaji. Miguu ya aisi (saketi jumuishi) za kawaida na ya rezista za robo wati huingia kwenye tundu la 0.8. Daiodi ya 1N4007 ina mguu mnene, nayo hutaka 1.0. Pini za viunganishi za mraba wa milimita 0.64 zina mlalo wa milimita 0.9 kutoka kona hadi kona, hivyo nazo hutaka 1.0, na kosa la kawaida ni kupima ubavu wa mraba na kuusahau mlalo. Viunganishi vya skrubu na transista kubwa za umbo la TO-220 huhitaji 1.2 au 1.3. Tundu la skrubu ya M3 ni 3.2, nalo utalitoboa kwa biti yoyote ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye pesa za biti kumi za kabaidi basi achukue sita za 0.8, tatu za 1.0 na moja ya 1.2. Biti za zamani zikiandikwa namba badala ya milimita, namba 68 ni karibu 0.79, namba 65 ni 0.89 na namba 60 ni 1.02. Rangi ya pete ya plastiki isikuongoze, kwani viwanda havikubaliani, soma tarakimu.

Kuhusu mahali pa kununua, maduka mengi ya vifaa vya ujenzi mjini huanzia milimita 1, na muuzaji asiyezijua biti hizi atakuambia kwa nia njema kwamba ndogo zaidi hazipo. Wauzaji wa vifaa vya elektroniki ndio wa kuulizwa, na uwaulize kwa kipimo na unene wa shina, usiseme tu unataka biti ndogo. Zisipopatikana, wauzaji wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi hulipwa kwa M-Pesa na kutuma mzigo kwa basi. Kwa biti mbili, nauli ya mzigo huwa kubwa kuliko mzigo wenyewe, kwa hiyo ni afadhali wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, au mafundi wanaofahamiana, wachangie sanduku la biti 50 na kugawana. Kuagiza China ndiyo njia ya bei ya chini kabisa kwa anayeweza kusubiri, ila bidhaa zinazoingia nchini hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, basi angalia kama bei uliyoonyeshwa tayari imeijumuisha. Soma pia maelezo: tangazo lisilotaja unene wa shina wala kusema kama biti ni mpya au zimenolewa upya ni mbuzi kwenye gunia.

Fungu dogo la bajeti liende kwenye miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi, kwa kuwa kabaidi ikikatika kwa kasi hiyo hurusha vipande, na vumbi la FR-4 ni kioo kinachowasha ngozi na kuudhi mapafu. Feni ya mezani izimwe au igeuziwe kwingine. Kipo pia kitu kisicholipiwa kinachorefusha uhai wa biti. Unapochapisha mchoro, acha kitone kidogo kitakachobaki bila shaba katikati ya kila kiduara. Programu ya kuchorea bodi ya KiCad ina chaguo la alama ndogo za matundu kwa kazi hiyohiyo. Asidi ikishaila shaba ya kitone hicho, ncha ya biti huketi humo yenyewe badala ya kuteleza juu ya shaba na kupinda.

Mzigo ukifika, fungua kisanduku juu ya taulo lililokunjwa, wala si juu ya meza ya vigae, uzihesabu biti na kupiga picha ya ncha zake kabla ya kuthibitisha kwa muuzaji kwamba umepokea, kwa kuwa biti iliyokatika njiani na iliyokatikia mikononi mwako hazitofautishiki baada ya siku hiyo.