Miezi 14 kwenye jengo la ghorofa la zamani: uzoefu wangu

Vyumba vilikuwa vipana, dari ziko juu, kuta nene hata jirani humsikii. Nikasaini mkataba siku ileile. Nilikagua chumba, jengo lenyewe sikulikagua.

Mwezi wa tatu mlango wa chumba cha kulala ukaanza kukwama. Nikadhani mbao imevimba kwa unyevu, kumbe kwenye pembe ya juu ya fremu kulikuwa na ufa unaopanda mshazari mpaka darini. Vijiufa vyembamba kama unywele kwenye plasta vipo karibu kila nyumba na havinitishi. Huu ulikuwa unanasa ukucha. Nikaweka alama ya penseli kila upande, nikaandika tarehe na kupima: milimita 2 kati ya kingo zake. Baada ya wiki 10 zilikuwa 5. Yaani ukuta ulikuwa unatembea.

Nikamwandikia mwenye nyumba na picha juu. Akaleta fundi, akaziba kwa plasta, akapiga rangi, basi. Alama zangu na tarehe zake zikafunikwa humohumo.

Siku hiyo nikashuka kwenye maegesho kuangalia nguzo, kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Moja ilikuwa na michirizi ya kutu, zege limebanduka, nondo ziko nje. Nondo ikishika kutu huvimba, na ni huko kuvimba kunakolipasua zege kwa ndani. Nilipogonga palipoonekana pazima, palilia kama debe tupu. Na juu ya paa yalikuwa yameongezwa matangi mawili ya lita 5,000. Yakijaa, hizo ni tani 10 za maji, na hakuna aliyeweza kutuambia kama mzigo huo ulipigiwa hesabu.

Majirani wengine walisema jengo limesimama miaka yote hiyo, litaanguka leo? Kauli hiyo iliniuma sana. Maji yakishafika kwenye nondo, kila mwaka unaopita unaipunguzia nguzo nguvu, hauthibitishi kuwa ni imara.

Tulikusanya saini 11 tukaomba mhandisi wa majengo aje kukagua na tupewe ripoti yake. Miezi miwili kimya. Nikahama.

Natoa nyota 1, na sababu si uzee wa jengo, maana jengo la zamani likitunzwa linakaliwa vizuri tu. Sababu ni ile plasta. Ukipelekwa kuona nyumba ya aina hii, mwambie dalali muanzie maegesho na paani, sebule itasubiri. Uliza pia kwa maandishi mhandisi alikagua lini mara ya mwisho.

Mama wa ghorofa ya kwanza, ambaye wanawe wanalala juu kabisa ya nguzo ile, bado hajapata pa kuhamia. Nimemwachia picha zote, vipimo vyangu na nakala ya barua yetu.