Seti ya kung'olea agrafe zilizokatika kwenye piano: uzoefu wangu

Naipa nyota nne. Ndani mna biti tatu za kushoto, yaani zinazokata zikizungushwa kinyume cha mshale wa saa (milimita 2, 3 na 4), bomba dogo la kuongozea biti, ving'oleo viwili vya ncha nyembamba (vya kukazwa ndani ya tundu la kisiki ili kukizungusha kitoke) na spana ya agrafe. Thamani yote iko kwenye biti na bomba.

Agrafe, kile kipande cha shaba chenye matundu ya kupitishia waya, hukatikia shingoni, thredi zinapoanzia, na kisiki hubaki ndani ya fremu. Uso wake huwa na makovu, kwa hiyo bila bomba biti huteleza na kula thredi za fremu. Ukifika hapo, kazi imekuwa nyingine kabisa.

Legeza kwanza waya za noti hiyo, kidogo kidogo. Mara nyingi waya mmoja huzunguka pini ya nyuma na kurudi kama waya wa pili, hivyo huenda ukalazimika kulegeza na wa noti ya jirani. Kwenye piano ya kulala, toa mtambo mzima wa nyundo, maana chembe za shaba zikidondokea humo hazinaswi na sumaku. Mafuta ya kulegeza kutu usiyaguse: hupenya hadi kwenye ubao unaoshika pini za kukazia waya, na pini hizo zikilowa hazishiki tena.

Drili iende polepole, kinyume cha mshale wa saa. Anza na biti ya 2, kisha ya 3. Hapo kisiki aghalabu huanza kuzunguka pamoja na biti na kupanda chenyewe. Acha kukandamiza, zungusha tu. Kikigoma, ingiza ya 4, kisha kunja kwa ndani kuta nyembamba zilizobaki.

Vile ving'oleo mimi naviacha kwenye kisanduku. Shaba ni laini: kadiri unavyokaza ndivyo kisiki kinavyotanuka na kubana thredi. Na king'oleo kikivunjikia ndani, hakuna biti ya seti hii itakayokitoboa.

Kabla ya kununua agrafe mpya, pima thredi. Ya inchi 7/32 na ya 1/4 hazipishani hata milimita moja; macho hayatoshi. Matundu lazima yaelekee waya sawasawa. Ikigota kabla ya kunyooka, usiilazimishe, kwani kukaza kupita kiasi ndiko huzivunja. Ongeza washa (kipete bapa) nyembamba ya shaba au punguza bega lake, ila kimo kilingane na za jirani. Washa hizo hazimo kwenye seti, ndiyo maana nyota moja imepungua. Spana nayo mdomo wake ni mpana kidogo, huchubua shaba.

Waya wa zamani ukiurudisha, kikunjo chake hakiangukii pale pale, na hapo ndipo hukatikia. Kwa noti za juu naweka mpya. Waya mpya hunyumbuka, kwa hiyo noti hiyo itashuka na kutaka kukazwa tena mara kadhaa.