Afterlives ya Gurnah, msomeni Afiya jamani

Nimemaliza Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, wiki ilopita na bado haijanitoka kichwani. Kila aliyenisimulia alinitajia Mjerumani, askari, vita vya 1914 mpaka 1918, nikaona hiki kitabu cha mizinga nikakitupa kabatini miezi. Kumbe humo ndani kuna binti anaitwa Afiya, na mimi huyo ndo kanikamata.

Yatima, analelewa kijijini na watu anaowaita mjomba na shangazi ila si ndugu zake kabisa, kazi za nyumba zote zake. Kaka yake Ilyas, alosoma misheni ya Wajerumani, anakuja kumchukua anampeleka mjini, anamfundisha kusoma na kuandika, halafu jamaa huyohuyo anaenda kujiunga na jeshi la Mjerumani (hapa nilimtukana kwa sauti) na mtoto anarudishwa kulekule. Mjomba alipogundua binti anajua kuandika, alichoufanya ule mkono sisemi, nilifunga kitabu nikaenda kubandika chai. Ila kuandika huko huko ndo kulimwokoa, akatuma kikaratasi kwa Khalifa rafiki wa kaka yake, Khalifa akaja kumtoa.

Sasa maisha ya kwa Khalifa na mkewe Bi Asha ndo patamu. Mimi nimelelewa kwa mama mkubwa kwa hiyo ule upendo wenye jicho la pembeni naujua. Bi Asha si mtu mbaya, anamlisha, anamwelekeza dini, ila binti kavunja ungo tu basi, jistiri, usitoke, na ulimi unaanza kutia pilipili.

Kasoro ipo, mwanzo unakwenda polepole na mambo ya biashara, na katikati tunaondoka na Hamza, kijana askari wa jeshi la Mjerumani, vitani kurasa nyingi Afiya haonekani. Vumilieni, maana huyo Hamza akirudi anamtafsiria Afiya shairi la Kijerumani kwenye karatasi, tena karatasi, mnaona?

Kiingereza cha Gurnah chepesi na maneno yetu kayaacha humohumo. Mama mkubwa hasomi Kiingereza kwa hiyo kila jioni namhadithia kwa simu, na yeye yuko upande wa Bi Asha, eti mtoto wa mwenzio akikuharibikia lawama za nani? Jana tumebishana mpaka salio likakata.