Kifaa changu cha kusikia baada ya miaka ya karakana, Lubumbashi

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya vyuma, nyundo na mashine za kukatia zikilia kutwa. Masikio yakachakaa polepole. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kupotea: s, f, t, k. Mke wangu akisema saa, taa au kaa, mimi nilipata "aa" tu. Ndiyo maana kunipigia kelele hakukunisaidia: waliniongezea sehemu ile ile niliyokuwa naisikia tayari.

Binamu aliniletea kile kiboksi cha kukuza sauti kinachouzwa bila kipimo. Kilipandisha kila kitu kwa pamoja: jenereta ya jirani, sufuria, mlango. Sikipendekezi.

Ninachovaa sasa ni cha dijitali, kinakaa nyuma ya sikio, na mrija wake unaingia kwenye kiziba kilichotengenezwa kwa umbo la sikio langu. Kwanza nilipimwa, ikachorwa odiogramu, yaani mchoro unaoonyesha sauti zipi nasikia na zipi sisikii, kisha fundi akakiunganisha na kompyuta na kupandisha sauti pale tu nilipopungukiwa. Vifaa vya transista vya miaka ya 1950 vilileta wepesi na kuokoa betri, lakini hivi vya dijitali, vilivyoanza kushika soko mwaka 1996, vinagawa sauti vipande vipande na kurekebisha kila kipande peke yake. Mvua ikipiga mabati, kinashusha chenyewe. Mjukuu wangu akiomba bukari (ugali) iongezwe, namsikia bila kumtazama mdomo!

Siku za mwanzo zinachosha, tusifichane. Kijiko, karatasi, nyayo zako mwenyewe, vyote vinakuvamia, kwa sababu ubongo ulishavisahau. Vumilia, vaa kila siku. Penye watu wengi bado napata shida. Huwa nageuzia kelele mgongo na kumkabili anayeongea, maana maikrofoni za kifaa zinalenga mbele.

Nilichagua cha betri ndogo za zinki, namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya machungwa, badala ya kile cha kuchaji, kwa jinsi umeme unavyokatika kwetu. Ukibandua kibandiko, iache betri ipate hewa kama dakika moja ndipo uiweke. Si kila famasia inazo, hivyo nanunua za akiba. Msimu wa mvua unyevu huziba mrija. Usiku nafungua mlango wa betri na kukilaza ndani ya kopo lenye chembe za kukausha.

Bei ndiyo inayoniuma. OMS, Shirika la Afya Duniani, inasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji msaada wa kusikia, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kabla hujatoa pesa, uliza kama kiziba na marekebisho ya baadaye vimo ndani ya bei. Mimi nilirudi kwa fundi kurekebishiwa, na sauti ilikaa sawa baada ya hapo tu.