Kupunguza mkanda wa chuma wa saa nyumbani: ukiwa Kampala ununue kifaa gani?

Umejinunulia saa ya chuma pale William Street, inang'aa vizuri tu, ila ukiinua mkono inateremka mpaka karibu na kiwiko. Kabla hujatoa hela ya kifaa chochote, geuza mkanda uangalie kwa ndani. Ukiona vimshale kwenye pingili, huo ni wa pini, yaani vyuma vyembamba vinavyounganisha pingili. Ukiona vichwa vya skrubu ubavuni, vyenye mfereji, hiyo kesi nyingine kabisa, kama Rolex za siku hizi (ya saa, sio ya chapati na mayai).

Namba moja kwangu ni kile kikalamu cha kubonyezea springi za mkanda, ncha moja ina meno mawili kama uma, ncha ya pili imechongoka. Watu wanakipuuza kwa sababu hakitoi pingili, lakini loki za mikanda mingi zina matundu kadhaa ubavuni, unabonyeza springi unasogeza tundu moja au mawili na kazi imeisha, hujagonga kitu. Ziba springi na kidole wakati unabonyeza, ikirukia chini ya kochi umeisha wewe. Wenye saa ghali wanasifia Bergeon ya Uswisi, ila kwa saa ya kawaida kile cha Mchina kinatosha, bora ncha isiwe ya chuma laini kinachojikunja.

Namba mbili ni seti ya kugonga: kinyundo, vijiti vya chuma na kibao chenye mifereji ya kusimamishia mkanda. Hapa chagua kwa makini. Kila kijiti kiviringishe juu ya kioo cha kaunta ya muuzaji, kikiyumba kimepinda, rudisha. Kiwe chembamba kuliko pini yako, maana kikiwa kinene kinakwama ndani ya tundu na sasa una matatizo mawili. Pini unaitoa kwa kufuata mshale na kuirudisha kinyume cha mshale, ule upande wa pini uliopasuka ndo unaingia mwisho. Toa pingili sawasawa pande zote mbili za loki, la sivyo loki inahamia ubavuni mwa mkono na inakera.

Wenye Seiko nyie tandikeni kitambaa cheupe kwanza. Nyingi zina pini yenye kola, kabomba kadogo kuliko punje ya mchele ambako ndo kanashika pini, kanadondoka kimya kimya wewe unashangaa pini mbona inateleza tu.

Namba tatu, kile kimashine cha plastiki unachozungusha skrubu yake ili sindano isukume pini itoke, ndicho wanachokuuzia kwanza ukiuliza popote kuanzia Owino mpaka Kikuubo. Ni rahisi bei na hakina kelele, tatizo plastiki inalegea, mkanda unahama kidogo na sindano inapinda. Kama ndo hela uliyonayo chukua, lakini chenye sindano za akiba, na sindano ikae katikati ya tundu kabla hujaanza kuzungusha. Ukihisi inagoma usilazimishe, angalia tena mshale.

Koleo na pini ya nepi sivipangii namba, hivyo ni vya kuchubua mkanda.

Mikanda ya skrubu inataka bisibisi ya saa inayojaa kwenye mfereji wote, ikipwaya inakula kichwa. Skrubu nyingine zimetiwa gundi, hizo zipashe kwanza na blowa ya saluni gundi ilainike. Na kama saa yenyewe ni ya bei ya pikipiki, ndugu yangu, mpelekee fundi saa, kaa hapohapo anapofanya, na usiondoke mpaka akurudishie pingili alizotoa pamoja na skrubu zake.